Mnepo, ustahimilivu au uvumilivu? Kuchagua neno la kurudi baada ya pigo

Neno linalotusumbua ni resilience, neno la Kiingereza la uwezo wa kuinuka tena baada ya pigo. Kama unafasiri ripoti, unaandika andiko la mradi, unahariri habari za ukame au unaandaa mafunzo ya vikundi vya kijijini, umeshakutana nalo, na huenda uliandika "ustahimilivu" ukaendelea na kazi. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka mingi bila kusita. Aliyenisimamisha ni mama mmoja wa makamo, kwenye kikao cha kikundi cha kupanda mikoko upande wa delta ya Rufiji. Mwezeshaji alikuwa akisoma kipeperushi nilichokifasiri mwenyewe: "Lengo letu ni kujenga ustahimilivu wa jamii." Mama akanyoosha mkono. "Samahani mwanangu, kwa hiyo tustahimili? Maji ya chumvi yanaingia shambani, mpunga unakufa, na sisi tustahimili tu?"

Hakuwa anabisha. Alikuwa ameelewa neno vizuri kabisa, kama anavyolielewa kila anayezungumza Kiswahili tangu utotoni. Mradi ulikusudia kumwambia kwamba maji yakija, kijiji kiweze kuinuka na kulima tena. Kipeperushi changu kilimwambia abebe mzigo wake anyamaze. Tangu siku ile nimekuwa nikiyapima maneno haya moja moja, na hapa nayaweka pamoja ili atakayekaa mbele ya sentensi ileile asikwame nilipokwama.

Neno lilikotoka

Kilatini kina kitenzi resilire: re- ni kurudi, salire ni kuruka. Kitu kinaruka na kurudi kilikotoka. Hakuna sifa wala lawama ndani yake. Tawi moja la kitenzi hicho limezaa neno la Kifaransa résilier, yaani kuvunja mkataba: umekubali, kisha umeruka nyuma ukajitoa. Msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi aliyewahi kupokea barua ya kusitishiwa upangaji analijua neno hilo, na pengine hajawahi kuliona kama ndugu wa résilience anayoisikia kwenye semina.

Kwa Kiingereza, mwanzoni mwa karne ya 17, Francis Bacon alilitumia kuzungumzia mwangwi: sauti inagonga ukuta, inarudi sikioni. Mwaka 1818 Thomas Tredgold, aliyeandika juu ya ujenzi wa mbao, akalipeleka kwenye boriti. Alitaka kueleza kwa nini mbao nyingine hupokea kishindo cha ghafla bila kukatika. Hapo neno likawa mali ya wahandisi, na hadi leo kwao lina kipimo: ni nishati ambayo kitu kinaweza kuimeza kinapopindwa na kuiachia kinaporudi kwenye umbo lake, na huhesabiwa kwa jouli kwa kila mita ya ujazo. Chuma cha springi kina kiasi kikubwa, madini ya risasi yana kidogo sana. Ukipinda kipande cha madini hayo, kinabaki kilivyopindwa.

Mgeuko mkubwa ulikuja mwaka 1973, mwanaikolojia C. S. Holling wa Kanada alipotenganisha vitu viwili ambavyo watu walikuwa wakivichanganya. Kimoja ni uthabiti, yaani kurudi upesi kwenye mizani ileile baada ya kutikiswa. Kingine ndicho hiki chetu: uwezo wa kumeza misukosuko, hata kubadilika sana, na bado mahusiano ya ndani yakabaki hai. Alitoa mfano wa misitu ya mashariki mwa Kanada, ambako viwavi hulipuka kila baada ya miaka kadhaa na kuua miti aina ya fir kwa wingi, halafu hupungua na msitu ukaota tena. Msitu huo si thabiti hata kidogo, lakini haufi. Shika tofauti hii, kwa sababu ndiyo itakayotuamulia mambo mbele.

Sisi tuna mfano wetu wa karibu zaidi. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Sasa jiulize: je, karafuu ya Zanzibar ilirudi? Kwa kipimo cha Tredgold, hapana. Unguja haikurudi kwenye umbo lake. Kwa kipimo cha Holling, ndiyo. Biashara iliendelea kuishi, ila kitovu chake kilihamia Pemba na huko kimebaki. Neno la Kiswahili tutakalochagua linapaswa kuweza kubeba jibu la pili, si la kwanza peke yake.

Wanasaikolojia nao walilichukua. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto karibu 700 waliozaliwa mwaka 1955 kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati ya wale waliokulia katika hali ngumu zaidi, umaskini na migogoro ya nyumbani, takribani theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye maisha yaliyotulia. Kisha mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ukaliweka neno kwenye jina la mpango wake wa Hyogo wa kupunguza maafa, na kuanzia hapo likamwagika kwenye kila andiko la mradi linalofika mezani kwetu.

Mtu wa mzegazega

Ili nilinganishe maneno yetu bila kupotea, huwa namkumbuka mchota maji wa mzegazega. Nikiwa mdogo Tanga, alikuwapo mmoja aliyepita mtaani kwetu: mti mrefu begani, debe huku na debe huku, kila moja lita 20 au pungufu kidogo. Akipiga hatua, ncha mbili za mti zinashuka. Akiinua mguu, zinapanda. Alikuwa amejifunza kwenda kwa mwendo wa mti, mti unapopanda ndipo naye anahamisha mguu, na maji hayamwagiki. Nilipomuuliza kwa nini hachukui mti mnene usiopinda, aliniambia: "Mti usionepa unakula bega."

Ndani ya mtu huyu mmoja maneno yetu karibu yote yapo. Bega lake lina sugu. Mwili wake unahimili uzito. Moyo wake unavumilia jua la saa saba. Na mti unanepa.

Uvumilivu na subira

Haya mawili nayaondoa mapema. Kuvumilia ni kazi ya moyo: unaumia, hulalamiki, unangoja. "Mvumilivu hula mbivu" ni ahadi kwamba kungoja kutalipa. Subira, iliyotoka kwenye sabr ya Kiarabu, ni jirani yake wa karibu, na imefungamana na dini; ukisema subira ya Ayubu, Mwislamu na Mkristo wote wanakuelewa. Ni maadili makubwa na sina neno juu yake. Lakini hayasemi chochote kuhusu kurudi. Mtu anaweza kuvumilia miaka thelathini na asiinuke hata siku moja. Tena, mwenye mamlaka anapomwambia asiye na mamlaka "vumilia", neno hugeuka amri. Usiliweke kwenye mpango wa maendeleo. Liache kwenye barua ya rambirambi, kwenye nasaha za harusi, kwenye hadithi ya maisha ya mtu aliyeamua mwenyewe kulibeba.

Ustahimilivu na uhimilivu

Haya yametoka kwenye shina moja la Kiarabu, h-m-l, la kubeba. Shina hilohilo limetupa hamali, mchukuzi wa mizigo bandarini, na himila, ambalo ni mzigo na pia ni mimba. Ile sta- ya mwanzo ni ndugu wa sta- ya staajabu na staarabu. Kwa hiyo yule mama wa Rufiji alikuwa amesikia sawasawa: ndani ya ustahimilivu yupo hamali, na hamali kazi yake ni kubeba mpaka aambiwe tua.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo kubeba ndiyo maana hasa inayotakiwa, na hapo usitafute lingine. Mbegu zinazostahimili ukame: mahindi hayaruki wala hayarudi, yanabeba jua bila kunyauka. Daraja linalohimili malori ya tani kadhaa. Ukuta unaohimili mawimbi. Mkulima anaelewa, fundi anaelewa, hakuna anayeuliza mara mbili.

Uhimilivu nao una kazi yake maalumu Tanzania. Ukisikiliza hotuba ya bajeti bungeni utasikia "uhimilivu wa deni" na "deni letu ni himilivu", maana yake nchi inaweza kuendelea kulilipa bila kuzama. Matumizi hayo yameshika mizizi. Ukiandika "uhimilivu wa uchumi" ukikusudia uchumi unaoinuka baada ya mtikisiko, msomaji wa kurasa za fedha atafikiria madeni. Muachie waziri wa fedha neno lake.

Faida kubwa ya ustahimilivu ni kwamba limezoeleka na linanyambulika kwa urahisi. Unapata kitenzi, unapata mtu mstahimilivu, unapata kivumishi: miji stahimilivu, miundombinu stahimilivu. Kwa mhariri mwenye nafasi finyu ya kichwa cha habari, hiyo si faida ndogo. Ndiyo sababu limeshinda kwenye nyaraka nyingi rasmi, na sitamlaumu anayelitumia huko. Hasara yake ni moja tu, nayo ni ileile ya kikao cha Rufiji: linaishia kwenye kubeba. Linakuambia mzigo haukukuua. Halikuambii kama ulisimama tena.

Uthabiti, ukakamavu, usugu

Uthabiti ni kutotikisika. Nguzo ni thabiti, bei inaweza kuwa thabiti, msimamo wa shahidi ni thabiti. Holling alilitenga wazo hili mbali na lile analolizungumzia, kwa hiyo kufasiri resilience kwa "uthabiti" kwenye makala ya ikolojia ni kosa la maana, si suala la ladha. Nimeliona kwenye nyaraka zaidi ya moja, na kila mara sentensi inayofuata inagongana na iliyotangulia.

Ukakamavu ni kukaza: misuli, shingo, nia. Mazoezi ya ukakamavu ni ya askari na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kilichokakamaa hakipindi, na kisichopinda hukatika kwa wakati wake. Usugu ni ile ngozi nene ya begani. Limekwisha pata makao kwenye afya, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na huko ni jambo baya tunalopigana nalo. Kumwita mtoto aliyenusurika vita kuwa na "usugu" ni kumwambia kwamba moyo wake umeota ngozi ngumu.

Unyumbufu

Kinachonyumbuka huvutika na kupindika bila kukatika. Linafaa kwa ratiba za kazi, kwa sheria zinazoweza kurekebishwa, kwa lugha yenyewe. Unga uliokandwa vizuri unanyumbuka pia, lakini ukiuvuta hauendi popote tena, unabaki ulivyouvuta. Unyumbufu una nusu ya kwanza ya resilire na hauna ya pili. Kuwa makini pia na nyambua, ambalo liko karibu sana kwa sauti na ni la wanasarufi. Nimesahihisha miswada ambamo "mnyambuliko wa jamii" ulikuwa umepenya, na mwandishi hakukusudia viambishi.

Mnepo

Sasa tumefika kwenye mti wa mzegazega. Kunepa ni kupinda kwa uzito au kwa msukumo, kama ufito, kama ubao mwembamba unaoukanyaga kuvuka mtaro, kama tawi la mwembe lililokaliwa na watoto wawili. Watoto wakiteremka, tawi linapanda. Mnepo ni sifa hiyo ya kushuka na kupanda.

Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa imekuwa ikilitumia katika habari zake za ukame na mafuriko, "kujenga mnepo", na wengi wetu tulilisikia huko kwa mara ya kwanza tukadhani limebuniwa. Halikubuniwa. Lilikuwapo kwa mafundi na wachukuzi, limepandishwa cheo tu. Nalipenda kwa sababu tatu. Linakubali kwamba umeshuka, jambo ambalo uthabiti na ukakamavu hulikana. Lina mwendo wa kurudi ndani yake, jambo ambalo ustahimilivu halina. Na linaonekana kwa macho: kila aliyewahi kupinda ufito anajua unazungumzia nini ukimpa mfano.

Lakini lina matatizo ya kweli, na usilichague kabla hujayapima. La kwanza, wasomaji wengi hawalijui; ukiliandika peke yake kwenye kipeperushi, nusu ya kikao watabaki kimya. La pili, kwa masikio ya baadhi ya watu kunepa ni kulegea. Dari iliyonepa ni dari ya kuogopa, kitanda kilichonepa ni cha kubadilisha kamba. Ukiandika "baada ya mafuriko jamii ilinepa", umesema iliporomoka. Kwa hiyo nomino itumie, kitenzi kiache. Sema "jamii ina mnepo", kisha kwa tendo sema iliinuka, ilijikwamua, ilirudi mashambani. La tatu, kivumishi chake hakijazoeleka. Utalazimika kusema "miji yenye mnepo", maneno mawili badala ya moja.

Mzee wa mzegazega aliniambia jambo jingine ambalo hunisaidia hapa. Mti ukitumika muda mrefu mno, au ukipakiwa kupita kiasi, siku moja unashuka na haupandi. Bado haujakatika, lakini umekaa. Wahandisi wana jina la mpaka huo, mafundi wa magari wanasema springi imelala, na mzee alisema "mti umechoka". Mnepo una kikomo, na neno lenyewe linakumbusha hivyo. Ustahimilivu haukumbushi, mtu anaweza kuendelea kutakiwa kustahimili bila mwisho.

Kwa hiyo uchukue lipi?

Ukiandika juu ya mbegu, madaraja, kuta na vifaa, chukua -stahimili na -himili, bila wasiwasi. Ukiandika waraka wa serikali au andiko ambalo tayari kurasa zake zimejaa "ustahimilivu", libakize ili msomaji asichanganyikiwe, lakini tafuta sentensi moja mapema uongeze kurudi: "ustahimilivu, yaani uwezo wa kuhimili pigo na kuinuka tena." Sentensi hiyo moja huokoa waraka mzima.

Ukifundisha fizikia ya mbao, mpira wa manati au springi, mnepo ndilo neno, na hapo halina mpinzani. Kwa jamii na uchumi naliweka mnepo mbele pia, mradi ulieleze linapotokea mara ya kwanza na uwe na mfano wa kitu kinachoshikika.

Kwa ikolojia angalia kwanza unazungumzia kiumbe gani. Mikokoni kwenyewe kuna somo: mchu, aina mojawapo ya mikoko, ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, mkoko wenye mizizi ya miguu mirefu ukikatwa shina haurudi, sharti upandwe mwingine. Kwa mchu "kuchipua tena" ni sahihi kuliko neno lolote la kitaalamu. Kwa msitu mzima, ambamo wengine wanachipua na wengine wanapandwa upya, mnepo unatosha.

Kwa mtoto au mtu aliyepitia makubwa ndipo ninapokuwa mwangalifu zaidi. Watoto wa Kauai walioinuka hawakuwa na dawa ya siri moyoni. Jambo mojawapo lililojirudia katika maisha yao ni kuwapo kwa mtu mzima angalau mmoja aliyewajali kwa uthabiti, bibi, mwalimu, jirani. Ukisema "mtoto mstahimilivu" unaweka kila kitu kwake, kana kwamba aliyeshindwa kuinuka alipungukiwa kitu. Hapo naacha nomino kabisa na kuandika kwa kitenzi: mtoto aliyeinuliwa, mtoto aliyepata wa kumshika mkono akainuka. Methali "kuteleza si kuanguka" inasaidia mahali pengine, lakini mtoto huyu alianguka kweli, na heshima ni kusema hivyo.

Kipeperushi cha Rufiji nilikirudia. Nilijaribu "kujenga mnepo wa jamii" nikaona bado ni sentensi ya ofisini. Mwishowe niliandika: "Maji yakituvamia mwaka huu, mwakani tuwe tumepanda tena." Kikao kilichofuata mwezeshaji aliisoma kwa sauti. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali, kisha akauliza swali jingine.

"Hapo sawa. Sasa tuambieni, tutapanda upande gani?"